Begi la Kamera Safarini: Kipi Kibebwe na Kipi Kibaki Nyumbani

Msafiri anayekusudia kupiga picha hukabiliwa na uamuzi mmoja ambao akishaondoka kwake ni vigumu kuurekebisha: kifaa alichokiacha nyumbani hakitamfuata mbugani, na kile alichokibeba bila sababu kitamlemea begani mpaka siku ya kurudi. Wengi huufanya uamuzi huo usiku wa kuamkia safari kwa kutia begini kila kinachoingia, wakijiambia kuwa huenda kikahitajika. Makala haya yanashikilia kwamba hoja ya “huenda” ndiyo inayoharibu mabegi mengi, na kwamba begi linalofaa hupangwa kwa kuanzia kwenye picha zinazotakiwa, mahali zitakapopigwa na mtu atakayelibeba, ili kifaa chochote kisichoweza kutajiwa picha yake kiachwe.

Mfano unaofaa kulipima jambo hili ni safari inayofanywa na watalii wengi nchini Tanzania, wenyeji kwa wageni: kuanzia Arusha, kuingia bonde la Ngorongoro na mbuga ya Serengeti, kisha kupanda ndege ndogo hadi Unguja, huku baadhi wakitanguliza mlima Kilimanjaro. Safari hiyo moja ina mazingira matatu yanayodai vitu vinavyopingana, kwa maana mbuga hudai lenzi ndefu, vichochoro vya Mji Mkongwe hudai lenzi fupi, na mlima hudai kwamba kila gramu itolewe sababu.

Uzito hutangulia ubora

Tatizo la uzito ni kongwe kuliko kamera za dijitali. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyetaka kupiga picha nje ya studio alibeba sanduku la kamera, sahani za vioo zilizopakwa dawa na stendi ya miguu mitatu. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, ambaye alikuwa na ugonjwa wa pumu na kwa hiyo hakuuweza mzigo huo, alibuni kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35, na mwaka 1925 kamera hiyo ikaanza kuuzwa kwa jina la Leica. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyeanza kuitumia katika miaka ya mwanzo ya 1930, alizunguka nayo Ulaya na Asia akitegemea zaidi lenzi moja ya milimita 50, na picha alizoziacha zinahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za upigaji picha wa karne iliyopita.

Msafiri wa leo ana kamera nyepesi kuliko zile za sahani za vioo, lakini amewekewa mipaka mingine. Kampuni nyingi zinazorusha ndege ndogo kati ya viwanja vya mbugani na Unguja humruhusu abiria kilo 15 za mizigo, mara nyingi pamoja na begi la mkononi, nazo husisitiza mabegi laini kwa sababu nafasi ya mizigo katika ndege hizo ni finyu na haipokei masanduku magumu. Kilo hizo huliwa haraka. Kamera moja ya kubadilishwa lenzi huwa na takriban gramu 700. Lenzi ya matumizi ya kawaida ya milimita 24 hadi 105 huwa na uzito unaokaribiana na huo. Lenzi ndefu ya milimita 100 hadi 400 huweza kufika kilo 1.4; na vikiongezwa betri, chaja, kadi, vitambaa vya kufutia na begi lenyewe, jumla hukaribia kilo 5. Hiyo ni theluthi ya mzigo wote ulioruhusiwa, kabla ya nguo, viatu na dawa, na anayeongeza kamera ya pili pamoja na lenzi nyingine mbili hana budi kujiuliza ni nguo zipi ataziacha.

Mbugani: umbali hauamuliwi na mpiga picha

Ili kuelewa kwa nini mbuga hudai lenzi ndefu, inafaa kueleza istilahi mbili. Urefu wa fokasi, unaopimwa kwa milimita, ndio unaoamua lenzi itaona eneo pana au jembamba kiasi gani: milimita chache huonyesha eneo pana, milimita nyingi huvuta kitu cha mbali na kukikuza. Sensa ni kipande cha kielektroniki ndani ya kamera kinachopokea mwanga mahali ilipokuwa filamu zamani, na sensa inayoitwa ya fremu kamili ina vipimo vilevile vya fremu ya kamera ya Barnack, yaani milimita 24 kwa 36.

Kutokana na vipimo hivyo msafiri anaweza kukokotoa mwenyewe asitegemee maneno ya muuza duka. Lenzi ya milimita 400 kwenye sensa ya fremu kamili huonyesha, kwa kitu kilicho umbali wa mita 50, eneo lenye upana wa mita 4.5, kwa hiyo simba aliyelala kando ya barabara atachukua karibu nusu ya upana wa picha. Lenzi ya milimita 100 mahali hapohapo huonyesha upana wa mita 18, na simba huyo atabaki kuwa sehemu ndogo ya nyasi. Ndani ya Ngorongoro hesabu hubadilika kwa sababu magari hayaruhusiwi kuacha barabara, na faru weusi, wanyama wenye hadhari kubwa, huonekana mara nyingi kwa mbali. Katika umbali wa mita 200 lenzi ile ya 400 huonyesha upana wa mita 18, na faru mwenye urefu wa mita tatu na nusu hufunika takriban sehemu moja ya tano ya picha, kiasi kinachotosha kumtambulisha pamoja na mazingira yake ingawa hakitoshi kuonyesha mikunjo ya ngozi.

Hapo ndipo wengi hushawishika kutafuta lenzi ya milimita 600 yenye tundu kubwa, ambayo peke yake huwa na kilo 3 au zaidi. Ushawishi huo unastahili kutiliwa shaka kwa sababu mbili. Kwanza, hewa ya mbuga ikishapata joto la mchana hutetemeka juu ya ardhi na kupinda mwanga, na lenzi ndefu hukuza mtetemo huo sawasawa na inavyomkuza mnyama, kwa hiyo picha ya mbali ya saa saba mchana hutoka na ukungu hata kwa kifaa cha bei ya juu kabisa. Pili, matukio makubwa ya Serengeti hayatokei yote kwa mbali. Nyumbu wanapovuka mto Mara upande wa Kogatende, kati ya Julai na Oktoba, gari linaweza kuwa karibu na ukingo, na picha inayotakiwa ni ya kundi zima, vumbi na maji, si ya jicho la nyumbu mmoja. Lenzi ya kuvuta, yaani ile ambayo urefu wake wa fokasi hubadilika kwa kuzungusha pete, humwezesha mtu aliyefungwa ndani ya gari kupanua na kubana picha bila kusogea, na kwa msafiri asiyelipwa kwa kazi hiyo lenzi ya milimita 100 hadi 400 inatosha.

Zipo pia kamera zenye sensa ndogo zaidi, aina ya APS-C, ambazo huona sehemu ya katikati tu ya taswira ya lenzi, hivyo kwamba lenzi ya milimita 300 hutoa mwonekano unaolingana na wa milimita 450 kwenye fremu kamili. Kamera hizo hupoteza kiasi fulani cha ubora gizani, lakini kwa safari ya mbugani inayofanywa zaidi mchana, msafiri hupata umbali uleule kwa lenzi ndogo, nyepesi na ya bei nafuu.

Kuhusu stendi ya miguu mitatu, gari la utalii lenye paa linaloinuliwa halina nafasi ya kuikunjulia, na abiria wengine wanaosogea huitikisa. Madereva waongozaji na wapiga picha wazoefu hutumia kifuko cha kitambaa kigumu kilichojazwa maharage au mchele, kinacholazwa juu ya ukingo wa paa au dirisha ili lenzi itulie juu yake. Kifuko hicho husafirishwa kikiwa kitupu, hujazwa kwa nafaka zinazonunuliwa sokoni Arusha, na kabla ya kupanda ndege nafaka huachwa kwa wenyeji wa kambi. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote begini, na kinachokisaidia zaidi ni ombi kwa dereva azime injini.

Adui mkubwa wa barabara za changarawe ni vumbi. Kubadilisha lenzi ndani ya gari kati ya Ndutu na Seronera ni kuikaribisha michanga kwenye sensa, ambayo baadaye hujitokeza kama madoa katika anga ya kila picha. Ikiwa uzito unaruhusu kuongeza kitu kimoja, mbugani kamera ya pili, hata ya zamani, yenye lenzi fupi iliyokwisha kufungwa, ina faida kuliko lenzi ya tatu. Asiyekuwa nayo ana simu janja, ambayo siku hizi hupiga mandhari pana kwa ubora wa kuridhisha, na kamera yake atabaki ameifunga lenzi ndefu kutwa nzima. Kinachofaa pia ni kitenge: kikitandazwa juu ya kamera iliyo mapajani, huzuia sehemu kubwa ya vumbi linaloingia kupitia paa.

Mji Mkongwe: nafasi finyu na mwanga haba

Unguja hugeuza mahitaji hayo juu chini. Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa nyumba ndefu zinazokabiliana kwa karibu, na mpiga picha anayetaka mlango wa kuchongwa pamoja na fremu yake hugonga mgongo kwenye ukuta wa nyumba ya pili kabla hajaupata wote. Akiwa mita 3 kutoka mlangoni, na kamera ameisimamisha wima, lenzi ya milimita 35 huonyesha kimo cha mita 3 tu na kidogo, ilhali ya milimita 24 huonyesha mita 4 na nusu. Lenzi ya 400 iliyokuwa mfalme mbugani hapa haina kazi, na inafaa iachwe chumbani.

Jambo la pili ni mwanga. Jua likishatua, bustani ya Forodhani huangazwa na taa za wauza vyakula na moto wa majiko, na hapo tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, huwa na umuhimu kuliko urefu wa fokasi. Tundu hupimwa kwa namba ambazo, kinyume cha mazoea, zikiwa ndogo huashiria uwazi mkubwa. Lenzi yenye f/1.8 hupitisha mwanga unaokaribia mara tano ya ule wa f/4, kwa hiyo picha ambayo ingehitaji shata, yaani kilango cha mwanga, ikae wazi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda unaotosha mkono wa mwuza zanzibar piza kuacha ukungu, hupatikana kwa sehemu moja ya hamsini. Lenzi isiyovuta ya milimita 50 yenye tundu hilo hupatikana ikiwa na gramu 160 hivi na kwa bei ya chini kuliko lenzi nyingi nyingine, na kwa uwiano wa uzito na faida hakuna kifaa kinachoishinda katika begi la msafiri.

Ukubwa wa kifaa una upande wa adabu pia. Lenzi ndefu na begi kubwa humtangaza mgeni kabla hajabisha hodi, na katika mji ambamo watu wengi hawapendi kupigwa picha pasipo idhini, hasa kina mama na waumini wanaotoka msikitini, kamera ndogo inayoshushwa kwa ajili ya salamu na kuomba ruhusa hupata picha ambazo lenzi ya mbali haiwezi kuziiba kwa heshima. Vilevile majengo ya serikali, kambi za jeshi na maeneo ya bandari si mahali pa kujaribia kamera, na mwenye vifaa vinavyofanana na vya kibiashara hutarajiwa kuulizwa kibali.

Unyevu wa pwani hudai tahadhari ndogo lakini ya lazima. Kamera iliyolala katika chumba chenye kiyoyozi ikitolewa ghafla asubuhi hupata umande juu ya kioo na hata ndani, kwa hiyo huachwa ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi mpaka ipate joto la nje. Vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyopatikana bure ndani ya masanduku ya viatu, hutosha kwa safari ya wiki moja.

Mlimani: kila gramu ina mbebaji

Anayepanda Kilimanjaro hana budi kuanza hesabu upya. Mzigo mkuu hubebwa na wapagazi, ambao kila mmoja amewekewa kikomo cha kilo 20, na msafiri hujibebea begi dogo lenye maji, koti la mvua, chakula na kamera. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni rahisi kwa mpandaji kupakia lenzi tatu na stendi katika mfuko utakaobebwa na mtu mwingine. Lakini vifaa vilivyo kwa mpagazi aliyetangulia kambini haviwezi kupiga picha njiani, kwa hiyo mzigo huo humwonea mbebaji na haumfai mwenyewe.

Usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, safari huanza karibu saa sita usiku ili kufika alfajiri, na joto huweza kushuka nyuzi nyingi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo mmenyuko wa kikemikali ndani ya betri hupungua kasi, na betri iliyojaa jioni huonekana imekwisha kabla ya jua kuchomoza. Dawa yake ni kuziweka betri za akiba katika mfuko wa ndani wa nguo, karibu na mwili, na kuzibadilisha kwa zamu, kwa maana iliyoonekana kufa mara nyingi hufufuka ikipata joto. Kamera moja, lenzi moja nyepesi ya milimita 24 hadi 70 au inayokaribia hapo, na betri tatu ni begi kamili la mlimani, na asiyezoea kubeba kamera anaweza kupanda na simu peke yake bila kupoteza mengi.

Betri, kadi na umeme

Betri za lithiamu zina sharti la anga linaloweza kumgharimu msafiri uwanjani: betri za akiba na pawabenki haziingizwi katika mizigo inayopelekwa tumboni mwa ndege, bali hubebwa mkononi na ncha zake zikiwa zimekingwa zisigusane na chuma. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100 kwa kila betri, kipimo kinachopatikana kwa kuzidisha volti kwa saa-ampea. Betri ya kamera haifiki hata saa-wati 20, na pawabenki ya miliampea-saa 20,000 yenye volti 3.7 ina saa-wati 74, kwa hiyo zote zinaruhusiwa; kubwa zaidi, mpaka saa-wati 160, huhitaji idhini ya shirika la ndege. Kambi nyingi za mbugani hutegemea umeme wa jua unaogawanywa kwa saa maalumu, na ekstensheni ndogo yenye matundu kadhaa huweza kumfaa msafiri kuliko chaja ya pili.

Kadi za kumbukumbu ni nyepesi, na hapa ndipo pekee ambapo kuzidisha hakudhuru. Faili ghafi, yaani picha iliyohifadhiwa na data zake zote kabla kamera haijaisindika, huwa na takriban megabaiti 30 kwa kamera ya megapikseli 24, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 hubeba picha zipatazo 2,000. Kadi kadhaa za ukubwa huo ni salama kuliko moja kubwa, kwa kuwa ikiharibika au kupotea moja hupotea sehemu tu ya safari. Kila jioni picha zinakiliwe kwenye diski ndogo au simu, na nakala hiyo ilale katika begi tofauti na la kamera, kwani mwizi anayechukua begi hatafuti kujua nini kilichomo.

Vinavyostahili kuachwa

Droni huongoza orodha hii. Hairuhusiwi kurushwa katika hifadhi za taifa za Tanzania bila kibali maalumu, na kwingineko nchini huhitaji idhini ya mamlaka husika kabla haijaingizwa, sembuse kurushwa. Msafiri wa kawaida asiye na nyaraka hizo hubeba kifaa kitakachoishia forodhani. Flashi huudhi wanyama na watu, na kwa mbali haifiki. Vichujio vya rangi vimekwisha kazi tangu programu za kompyuta zifanye kazi hiyo. Kompyuta mpakato hustahili nafasi pale tu mwenyewe anapolazimika kutuma kazi akiwa njiani. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ambayo wengi walizoea kufunikia kamera mvua inaponyesha, imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na mahali pake panafaa mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji.

Cha mwisho cha kuacha ni kamera mpya ambayo mwenyewe hajaijua. Chui hashuki mtini kwa kumsubiri mtu anayetafuta kitufe, na kamera ya miaka kumi inayojulikana kwa vidole gizani hushinda ya mwaka huu iliyofunguliwa kwenye sanduku hotelini. Mwenye fedha za ziada na hamu ya lenzi ndefu ana njia ya tatu, nayo ni kukodi lenzi kwa wiki ya safari badala ya kununua kitu kitakacholala kabatini mwaka mzima.

Kwa hiyo, kwa msafiri asiye mtaalamu anayefuata njia iliyoelezwa hapa, begi linalotosha lina kamera moja, lenzi ya kawaida inayoanzia milimita 24, lenzi ya kuvuta inayofika 400 au inayolingana nayo, lenzi ndogo ya f/1.8, betri tatu, kadi kadhaa, kifuko kitupu cha maharage na simu. Wiki moja kabla ya kuondoka, vifaa hivyo vitandazwe kitandani, kila kimoja kitajiwe picha yake, vipimwe kwenye mizani, kisha begi livaliwe na kutembezwa sokoni kwa saa nzima. Anayeshindwa kulibeba saa moja kwao hataliweza siku saba ugenini, na wakati wa kulipunguza ni huo.